Nywele Zilizohesabiwa

Kabla hatujasafiri kwenda Dar es Salaam kwa dripu ya kwanza, wazee wa usharika walikuja nyumbani kutuombea. Walikaa barazani kwenye viti vya plastiki, wakaimba, kisha mzee mmoja tunayempenda sana, aliyetupokea tulipofika hapa, akafungua Biblia yake kwenye Luka 21. Akasoma mstari wa 18, ule ambao Bwana anawaahidi wanafunzi kwamba hakuna unywele wao utakaopotea. Akaomba kwa neno hilo. Tukaitikia Amina kwa sauti kubwa, maana tulikuwa tunaogopa, na mtu mwenye hofu hushika kila anachopewa.

Baada ya dripu ile tulikuta nywele kwenye mto.

Sisi tunaoandika haya ni watu wawili wa nyumba moja hapa Tandahimba. Mmoja ni mchungaji, mwingine ni mke wake, ambaye watu humwita Mama Mchungaji. Kalamu inashikwa na mchungaji, lakini mama amesoma kila ukurasa, na mahali pengine amefuta maneno yaliyokuwa yanamsifu mno mwenzake. Tunaandika kama "sisi" kwa sababu ugonjwa uliingia katika mwili wa mmoja, lakini nyumba ulioikuta ni ya wote wawili. Na tunataka kusema juu ya jambo ambalo kanisani hatulisemi kwa kuwa linaonekana dogo.

Mama aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa anaoga. Tulichelewa, na kosa lilikuwa letu wenyewe: tulisema tungoje kwanza korosho ziuzwe mnadani. Korosho ziliuzwa, uvimbe ukawa umekua. Tukashuka Mtwara, wakachukua kinyama kupima, majibu yakatoka kuwa ni saratani. Baada ya upasuaji tukaambiwa dripu nane, moja kila baada ya siku 21, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Ocean Road ipo kando ya bahari, mahali ambapo Wajerumani walijenga hospitali mwishoni mwa karne ya 19, na iliundwa kuwa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa mtu wa Tandahimba ni safari ya zaidi ya kilomita 500: kwanza kushuka Mtwara, kisha kupita Lindi na Kibiti hadi Mbagala, ambako sisi watu wa kusini hatukosi ndugu wa kutupa kitanda.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini mwalimu hasa. Alituketisha akatueleza kwamba dawa zile huwinda seli zinazogawanyika haraka, kwa kuwa ndivyo saratani inavyokua. Lakini dawa haina macho ya kuchagua. Shina la unywele nalo hugawanya seli zake haraka, hivyo linapigwa pamoja na adui. Midomo nayo huweza kutoka vidonda kwa sababu hiyohiyo. Si kila dawa ya saratani hutoa nywele, alisema, na anayetibiwa kwa mionzi hupoteza nywele za mahali palipopigwa mionzi tu. Mwanamke anayepigwa mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi hapotezi nywele za kichwani kwa ajili ya mionzi hiyo. Lakini kwa dawa ile nyekundu aliyoandikiwa mama, tujiandae: wiki ya pili au ya tatu zitaanza kutoka. Kisha akaongeza neno ambalo hatukulisahau. Nywele zikitoka si dalili kwamba dawa inafanya kazi zaidi, na zisipotoka si dalili kwamba imeshindwa. "Msizipigie ramli," alisema.

Tulimsikia vizuri. Lakini moyoni tulikuwa na mstari wa 18.

Mwanzo zilikuwa chache tu kwenye foronya. Siku ya tatu mama alipitisha kichana, kikatoka na fungu zima. Ngozi ya kichwa ilimuuma kama ya mtu aliyesukwa kwa kuvutwa sana. Jumapili ile hakwenda kanisani. Mchungaji aliporudi kutoka ibadani akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele mapajani. Akataka kumfariji. Akasema, "Mama, hizo ni nywele tu. Tumshukuru Mungu uko hai."

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Baba, mwaka jana kwenye harusi ulihubiri Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11. Ulisema nywele ndefu ni utukufu wa mwanamke. Leo ni nywele tu. Nishike lipi?"

Chuo cha theolojia kilimfundisha mchungaji kuisoma sura ile kwa Kiyunani. Hakikumfundisha jibu la swali hilo.

Siku nne kabla ya dripu ya pili, mama akasema harudi Dar es Salaam. Tulidhani ni kutapika. Akasema, "Kutapika nimezoea, nimebeba mimba mara tatu. Sitaki kuwa mtu nisiyemjua kwenye kioo." Mchungaji akamkumbusha kwamba hapa Tandahimba wengi ni Waislamu, na mwanamke aliyejifunika mtandio hakuna anayemshangaa. Mama akajibu kwamba ndiyo, barabarani hakuna anayejua. Ni ndani ya nyumba, mbele ya watoto na mbele ya mumewe, ndipo asipokuwa na uso.

Tena kichwa kisicho na nywele hapa kwetu hakikai kimya. Mtoto wa jando hunyolewa, na watu hujua kwamba amevuka. Mfiwa hunyoa, na watu hujua kwamba kuna msiba. Hata wachongaji wa Kimakonde, wakitengeneza kinyago cha mapiko cha kuvaliwa kichwani, hubandika nywele halisi za mtu ili sura ile iwe sura ya mtu kweli. Kwa hiyo mama alipojiona kichwa kitupu, alisema, "Naona kama najinyolea matanga yangu mwenyewe." Na mtaani minong'ono ilikuwa imeanza. Mwanamke amekonda, nywele zinamtoka: wengine walitaja "ule ugonjwa", wengine walisema kuna mkono wa mtu.

Usiku ule mchungaji hakulala. Alikuwa anafuata masomo yake ya kila siku, naye alikuwa amefika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 10. Hadithi yenyewe tunaifahamu, ila huwa tunaipita haraka ili tufike kwenye vita. Daudi aliwatuma watumishi wake kwenda kumpa pole Hanuni, mfalme wa Waamoni, aliyefiwa na baba yake. Hanuni akawashuku kuwa ni wapelelezi. Akawanyoa nusu ya ndevu zao, akazikata nguo zao katikati, akawafukuza.

Daudi alipoambiwa, angeweza kusema kwamba ni ndevu tu na kumshukuru Mungu kwa kuwa hawakuuawa. Neno hilo lingekuwa la kweli. Lakini Biblia inatueleza kwamba alifanya mambo mawili. Kwanza, alituma watu waende kuwapokea njiani, kwa sababu walikuwa wameaibika sana. Pili, aliwaruhusu wakae Yeriko mpaka ndevu zao ziote, ndipo warudi. Hakuwalazimisha kuingia Yerusalemu na aibu yao. Mfalme mwenye vita mlangoni alipata nafasi ya kufikiri juu ya nywele za watumishi wake.

Asubuhi mchungaji alimwomba mama msamaha. Hakuwa na hotuba. Alisema tu, "Nilikosea. Si nywele tu." Kisha akamsomea sura ile. Mama akauliza, "Sasa Yeriko yangu iko wapi?" Tukakubaliana kwamba ni hapa nyumbani, na kwamba hakuna mtu atakayemwuliza atarudi lini kwaya, hata mumewe. Habari ya Dar es Salaam hakuijibu.

Mchana wake aliyetumwa kutupokea njiani alifika, naye hakutoka usharikani. Ni jirani yetu, bibi wa Kiislamu, somo wa wasichana wengi wa mtaa huu. Aliingia na khanga begani na wembe mpya kwenye karatasi. Akasema, "Mwanangu, nimesikia zinakutoka. Usiziache zikutoke moja moja, zitakuchosha moyo. Tuzitoe sisi wenyewe." Mama alilia, kisha akacheka, kisha akasema ndiyo.

Wembe ulileta shida. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba dawa hupunguza chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na kwamba mkwaruzo mdogo wa wembe unaweza kuleta maambukizi makubwa, hata ya kutishia uhai. Bibi hakukasirika. Akaufunga wembe wake, akasema, "Basi leteni mashine." Kijana mmoja wa kipaimara ni kinyozi pale sokoni. Alikuja jioni, mashine ameificha ndani ya shati ili watu wasimwulize anakwenda wapi, akaisafisha kwa spiriti mara mbili mbele yetu, akakata taratibu akiacha nywele fupi kabisa bila kugusa ngozi. Tulipotaka kumlipa alikataa.

Mchungaji naye akasema anyolewe, ili tuwe sawa. Mama akamkatalia. "Wewe ukinyoa ni mtindo. Watu watasema mchungaji amependeza." Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.

Nywele zilikuwa zimeangukia kwenye khanga. Bibi akaikunja akauliza, "Nizike wapi?" Msomaji anayeishi vijijini anajua kwa nini aliuliza. Watu wengi huogopa kuacha nywele zao ovyo, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Mchungaji amehubiri mara nyingi dhidi ya hofu hiyo, na kwa dakika moja alisita. Kisha akachukua jembe akachimba chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba. Hatukuzika kwa kuogopa wachawi. Tulizika kwa sababu Bwana alisema katika Mathayo 10 kwamba nywele zetu zina hesabu kwa Baba, na kitu ambacho Baba amekihesabu hatukuona vema kukitupa jalalani.

Tulipomaliza, mama alimwambia mchungaji akate tiketi mbili. Siku ya dripu ya pili tulikuwa Ocean Road.

Mzee aliyetuombea hakuonekana nyumbani kwetu kwa wiki kadhaa. Tulimtumia salamu, akaja jioni moja, akakaa kwenye kiti kilekile. Baada ya kimya kirefu akasema, "Mchungaji, niliomba vibaya? Au imani yangu ni ndogo?" Tukaelewa kwamba naye alikuwa amebeba mzigo wetu. Aliahidi kwa jina la Bwana, na ahadi ilikuwa imeanguka mbele ya macho yake.

Tukafungua naye Luka 21 tena, ila safari hii tukaanzia mstari wa 16. Hapo Bwana anawaambia wanafunzi kwamba watasalitiwa na jamaa zao, na kwamba baadhi yao watauawa. Mistari miwili baadaye ndipo anapowaahidi habari ya unywele. Basi anayeuawa amepoteza zaidi ya nywele. Yesu hakuwa anawaahidi kwamba hakuna kitakachowaanguka. Hata katika Mathayo anasema habari ya shomoro aangukaye chini, na hasemi kwamba haanguki. Anasema haanguki pasipo Baba. Kuhesabiwa si kuzuiwa kuanguka. Kuhesabiwa ni kwamba kilichoanguka kimejulikana, na mkononi mwa Mungu hakikosekani.

Mama, aliyekuwa amesikiliza kutoka mlangoni, akamwambia, "Mzee, hukuomba vibaya. Zimeanguka. Hazijapotea."

Imani hiyo haikuondoa kazi ya kila siku, nasi tungependa kuiandika kazi hiyo kwa ajili ya wengine watakaopita njia hii. Kichwa kisicho na nywele kinahitaji kutunzwa kama ngozi ya mtoto mchanga. Kwa ushauri wa muuguzi, tulikiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mtoto, bila kusugua, kisha tukakikausha kwa kukigusagusa na taulo laini. Uwanda wa Makonde maji ni ya shida. Yakikatika tunanunua kwa dumu, lakini tulitenga dumu moja kwa kichwa cha mama tu. Ngozi ikikauka tulipaka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Hatukutumia dawa za nywele, wala mitishamba ambayo watu wema walituletea ikiwa imefungwa kwenye majani. Tuliwashukuru tukaiweka kando. Mchana mama alivaa kitambaa laini cha pamba, kwa kuwa jua huunguza ngozi isiyozoea, na usiku alivaa kofia ya kusuka, kwa kuwa kichwa kitupu huona baridi ambayo mwenye nywele haijui.

Juni na Julai zilituletea jambo ambalo muuguzi wa Dar es Salaam hakulifikiria. Huo ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa, na unga wa njano hupeperuka kila mahali. Nyusi na kope za mama zilikuwa zimetoka pia. Hapo ndipo tulipojua kazi ya kope: bila hizo, kila vumbi huingia jichoni. Tulimnunulia miwani, tukawaomba majirani watuambie siku ya kupulizia ili mama abaki ndani. Waliokuja kutuambia walikuwa Wakristo na Waislamu, na wengine ni walewale waliokuwa wakinong'ona. Mtu akipewa kazi ya kumlinda jirani, mara nyingi huacha kumsema.

Chakula cha Bwana kililetwa nyumbani. Tulimwomba mchungaji wa usharika mwingine aje, ili siku hiyo mchungaji wa nyumba hii naye aketi upande wa wanaopokea. Tulipokea pamoja, mama akiwa kichwa wazi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nje, mbali na bibi na kinyozi, kumwona hivyo.

Dripu ya nane iliisha Oktoba. Desemba kichwa cha mama kilikuwa na vinyweleo laini kama manyoya ya kifaranga. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba nywele mpya zinaweza kuja tofauti na za zamani, na ndivyo ilivyokuwa: ni laini zaidi, na za mbele zina mvi. Watu wakamsifu Mungu kwa kumponya. Tuliitika, lakini tunasema kwa uangalifu. Nywele kurudi ni dalili kwamba dawa imeondoka mwilini, basi. Muuguzi alitukataza kupiga ramli zilipotoka, nasi hatupigi ramli kwa kuwa zimerudi. Bado tunakwenda kliniki, na kila tukingoja majibu tunaogopa kama mwanzo. Mama alirudi kwaya Jumapili moja ya kawaida, ambayo hakuna aliyeipanga. Mchungaji alimwona kutoka madhabahuni na akakosea namba ya wimbo.

Ndugu msomaji, katika usharika wako yupo mtu anayetibiwa saratani, au atakuwepo. Tunakuomba mambo mawili ambayo Daudi alitufundisha. Usimwambie kwamba ni nywele tu. Nenda ukampokee njiani. Na usimharakishe kurudi kiti chake kanisani. Mwache akae Yeriko yake, ila mpelekee Neno, chakula na maji. Sisi wachungaji tuna tabia ya kukimbilia kusema kwamba Mungu ataziotesha. Tuanze kwa kusema kwamba ameziona zikianguka.

Mwezi uliopita tulipata habari kwamba mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani anarudi kutoka Dar es Salaam baada ya dripu yake ya pili. Si Mlutheri, na hatukuwahi kukutana naye. Basi lake lilichelewa, likaingia usiku. Mama alikuwa stendi tangu magharibi, amekaa kwenye benchi la muuza chai na yule bibi jirani yetu, na mapajani mwake alikuwa na kitenge laini kilichofuliwa na kukunjwa. Mchungaji alikwenda kuwauliza kama warudi nyumbani, maana baridi ilikuwa inaanza. Wakamwambia aende akalale. Wao wangengoja.